Babu alipigana vita gani? Kuandika wasifu wa mzee wa ukoo aliyekuwa askari

Wasifu mwingi wa wazee waliokuwa askari huandikwa usiku wa kuamkia mazishi. Mjukuu ambaye simu yake bado ina chaji anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mjane anaulizwa mambo matatu katikati ya kilio, baba mkubwa anataja mwaka, shangazi anaukataa, na saa nane za usiku karatasi inatafutiwa mahali pa kuchapwa. Kesho yake msomaji anasimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba marehemu "alijiunga na JWTZ mwaka 1962, akapigana Vita vya Pili vya Dunia pamoja na Vita vya Kagera kuanzia 1977 hadi 1980". Nyuma kabisa, pembeni ya turubai, wazee wawili waliotumikia naye wanatazamana. Hawatasema kitu. Msibani mfiwa hasahihishwi.

Sentensi hiyo moja ina makosa matatu, na yote matatu yangegunduliwa kwa dakika kumi za kuhesabu.

La kwanza ni JWTZ ya 1962. Jeshi la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Kabla yake lilikuwepo jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), ambalo wazee wanaliita Keya, na baada ya Uhuru wa Desemba 1961 kikosi chake cha Tanganyika kikageuka kuwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo, na jeshi lile likavunjwa. Kwa hiyo mzee aliyeandikishwa 1962 aliingia Tanganyika Rifles. Na ikiwa miaka kumi na sita baadaye alikuwa Kagera akiwa askari, hapo katikati pana kisa ambacho familia haijawahi kukiuliza: Januari ile alikuwa kambi gani, alirudishwa kijijini, alichukuliwa tena lini? Liulizwe kwa upole. Wengi waliachishwa wakati ule, wakiwemo ambao hawakushika bunduki wala kupiga kelele, na kuachishwa jeshi kulibebwa kama doa kwa miaka mingi.

La pili ni Vita vya Pili vya Dunia. Vilikwisha 1945. Kama marehemu alizaliwa 1938, alikuwa na miaka saba. Familia haidanganyi inaposema hivyo. Hadithi ya baba yake ndiyo imemhamia, kwa sababu kinywani mwa mtoto "babu" ni mwanamume yeyote wa ngazi za juu, na wajukuu wakikua wanazisimulia hadithi za watu wawili kama za mtu mmoja. Dawa yake ni kuandika majina ya vizazi vitatu kwenye karatasi, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa japo wa kukadiria, kisha kila hadithi ya vita ipelekwe kwa mwenyewe.

La tatu, Kagera haikuanza 1977. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa siku chache baadaye, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo. Januari 1979 Mutukula ilitekwa. Mwishoni mwa Februari zikaanguka Masaka na Mbarara, Machi kukawa na mapigano makali Lukaya kwenye barabara inayopita kinamasini, Aprili 7 Entebbe, Aprili 11 Kampala. Mapigano yalikwisha mwanzoni mwa Juni 1979, askari wakiwa wamefika mpaka wa Sudan. Wapo waliobaki Uganda baada ya hapo, na huenda ile "1980" ya familia inatoka huko. Basi iandikwe hivyo: vitani hadi Juni 1979, akabaki Uganda hadi mwaka fulani.

Tarehe hizi ni ngazi ya kumpandisha mzee juu yake. Ukimwuliza aliyetumikia naye "mlipigana wapi?", atakujibu "Uganda", na hapo ndipo mazungumzo yatakapofia. Mwulize baada ya Mutukula walishika njia ipi, ya Masaka au ya Mbarara. Ni safu mbili tofauti, zenye makamanda tofauti na visa tofauti. Aliyepita Masaka ataitaja Lukaya bila kuulizwa, pamoja na maji ya kinamasi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Mwulize Kyaka walivuka kwa kutumia nini, maana daraja halikuwepo. Mwulize Kampala waliingia kwa gari au kwa miguu, na nani alikuwa anatembea mbele yake. Askari wa kawaida hakumbuki ramani, anakumbuka mgongo wa mwenzake. Jina la mwenye mgongo huo ndilo litakalokufikisha kwa shahidi wa pili.

Swali ambalo halifai hata siku moja ni "uliua wangapi". Ukiliuliza, mzee atafunga mlango na kesho atasema anaumwa. Uliza viatu, chakula, mvua, kaburi la rafiki yake. Mengine atayatoa mwenyewe siku anayotaka. Kama bado yupo hai, kaa naye asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya wageni, simu iwe imewekwa mezani ikirekodi, redio imezimwa, na usizidishe dakika arobaini. Kila faili lipewe jina lenye tarehe siku ileile. Rekodi kumi zisizo na majina ndani ya simu ya mjukuu zitafutika siku simu itakapojaa video.

Halafu kuna lile sanduku la bati chini ya kitanda. Lifunguliwe mbele ya mjane na angalau mtoto mmoja mkubwa, kila kitu kipigwe picha kabla hakijahama mikononi, pande zote mbili. Unachokitafuta kwanza ni namba ya jeshi, kwa sababu majina yanafanana na namba hazifanani. Barua yoyote ya jeshi ina namba hiyo pamoja na namba ya kikosi, ile inayomalizikia na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Barua ya kuajiriwa, ya kupandishwa cheo na ya kustaafu zinatosha kukupa mifupa ya maisha yake yote kazini. Zikigongana, barua ya tarehe ya karibu zaidi na tukio ndiyo ya kuaminika. Hati ya kustaafu iliyoandikwa miaka thelathini baadaye ilinakiliwa na karani aliyekuwa na haraka.

Picha nazo zinasema. Tepe begani au kwenye mkono zinahesabika: moja ni lansi koplo, mbili koplo, tatu sajenti. Nyota moja begani ni luteni usu, mbili luteni, tatu kapteni. Basi kama familia inamwita "Meja" na picha yake ya mwisho akiwa kazini ina tepe tatu, punguzeni. Cheo cha heshima mtaani ni kitu kizuri, watu wamekizoea na yeye alikizoea, lakini kikiandikwa kwenye wasifu mbele ya maafisa wa kweli kinamvunjia heshima asiyekuwepo kujitetea. Andika "aliyejulikana mtaani kama Meja" na kila mtu atatabasamu.

Geuza picha ukasome nyuma. Mihuri ya studio, tarehe za kalamu na "kumbukumbu kwako mpenzi" ni hazina. Ukiipiga kwa simu, itoe kwenye fremu, ilaze karibu na dirisha mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, uzime taa ya simu, ushike simu sambamba na picha. Ukiwa na skana, weka dpi 600 (nukta kwa inchi) kwa picha ndogo za pasipoti. 300 haitoshi ukitaka kuikuza iwe bango la msibani, na ndiyo maana mabango mengi yanakuwa na sura kama iliyopigwa ukungu.

Medali zisisuguliwe. Hamu ya kuzing'arisha ni kubwa, hasa mtu anapotaka zipangwe juu ya jeneza, lakini kila ukisugua unaondoa maandishi kidogo kidogo, na utepe ukilowa rangi yake huchuja. Kitambaa kikavu laini kinatosha. Kumbuka pia kwamba medali ya utumishi mrefu na tabia njema haithibitishi kwamba mtu alikwenda vitani. Inathibitisha kwamba alikaa jeshini na hakuharibu, jambo ambalo nalo linastahili sentensi yake.

Wapo wazee wengi ambao wasifu unawaita "wastaafu wa JWTZ" wakati hawakuwa JWTZ hata siku moja. Mwaka 1978 jeshi lilipanuliwa haraka kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na hao walivuka mto pamoja na wanajeshi, walikula nao na walikufa nao. Mwanamgambo aliyerudi kulima baada ya vita mara nyingi hana barua hata moja, na hapo ndipo familia inapomwongezea jeshi ili asionekane mdogo. Hakuna haja. "Alikuwa mgambo wa kijiji, akachukuliwa Novemba 1978, akarudi shambani 1979" ni wasifu kamili wa askari. Tena, kwa maoni yangu, una uzito kuliko wa aliyelipwa mshahara kila mwezi.

Kwa ukoo wenye mzee wa kizazi cha nyuma zaidi, yaani wa Keya, kazi ni kusikiliza adui aliyemtaja. Akisema Mtaliano na Habeshi, yaani Ethiopia, ni vita vya 1940 na 1941. Akisema Wafaransa na kisiwa, ni Madagaska, 1942. Akisema Mjapani, msitu na mvua isiyokoma, ni Burma, ambayo wao waliiita Bama, na huenda pia alitaja Seiloni, yaani Sri Lanka ya leo, kwa kuwa ndiko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikofanyia mazoezi kabla ya kuingia Burma mwaka 1944. Kutoka Tanganyika, batalioni za 26 na 36 za Keya zilikuwa ndani ya divisheni hiyo. Nyota za shaba za Waingereza, zenye ncha sita, zina jina la uwanja wa vita katika duara la katikati, kwa hiyo Africa na Burma zinasomeka wazi. Ila kwa kawaida hazina jina la mwenyewe. Ukikuta nyota sandukuni, una ushahidi kwamba mtu fulani alikuwa Burma. Kwamba ni huyu, inabidi ulithibitishe kwa njia nyingine, maana medali zilirithiwa, zilibadilishwa na ziliuzwa.

Mwaka wa kuzaliwa utakusumbua kuliko vita. Wazee wengi wana umri mbili, wa jeshini na wa nyumbani. Kijana aliyetaka kuandikishwa alijiongezea, aliyetaka kuchelewa kustaafu alijipunguzia, na karani asiyepewa tarehe aliweka Januari mosi au Julai mosi. Ukiona tarehe hizo kwenye kitambulisho, jua ni makadirio. Panga watoto wa tumbo moja kwa mfuatano, tafuta mmoja ambaye tarehe yake ipo kwenye cheti cha ubatizo au daftari la shule, uhesabu kwenda mbele na nyuma. Kwenye wasifu tumia mwaka ulio kwenye hati zake, kwa sababu ndio utakaokuwa kwenye cheti cha kifo, na ongeza "ingawa kwa hesabu ya ukoo alikuwa na umri mkubwa zaidi".

Sasa tuje panapochoma: wake na watoto. Hapa ndipo wasifu unapovunja familia. Askari aliishi Tabora miaka minne, Songea mitatu, Uganda mwaka mzima, na huko kote alikuwa kijana. Siku ya mazishi anaweza kutokea mtu mzima mwenye paji la uso la marehemu, ameshika picha. Orodha ya watoto isiandikwe na mtoto mmoja peke yake. Ikae mbele ya mjane au wajane, ndugu mmoja wa marehemu na mtoto mkubwa, isomwe kwa sauti, kila mmoja aseme nani amesahaulika. Waliokufa wanaandikwa pia, na neno "ametangulia" pembeni. Mpangilio uwe wa kuzaliwa, si wa mama, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kama kuna jina lenye ubishi na muda umekwisha, taja idadi bila majina au sema "ameacha watoto na wajukuu" ukaendelea. Usitaje nusu ya watoto ukamwacha aliyebishaniwa. Wasifu hauamui mirathi, lakini kikao cha ukoo kitakapokaa kumteua msimamizi na muhtasari wake kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, karatasi ile iliyosomwa kaburini itatolewa mfukoni. Mtu hutunza ratiba ya mazishi ambayo jina lake halimo kuliko anavyotunza cheti cha ndoa.

Kuhusu tabia, chagua jambo moja la kweli badala ya sifa saba. "Alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu na mcha Mungu" imesomwa kwa kila marehemu hadi haisikiki. "Alikunja blanketi lake pembe nne kila asubuhi mpaka wiki aliyolazwa" inamwonyesha. Ukali wake, pombe ya miaka ile, ndoto zilizomwamsha akipiga kelele, si vya kusomwa kwenye kipaza sauti, lakini pia si vya kufunikwa kwa uongo. Sentensi kama "vita havikumwacha salama usingizini" inatosha, na wanaojua wataelewa.

Ile sentensi ya mwanzo, baada ya kazi yote hii, inaweza kusomeka hivi: "Aliandikishwa Tanganyika Rifles mwaka 1962. Baada ya maasi ya Januari 1964 alirudi nyumbani, akachukuliwa tena katika jeshi jipya mwaka 1966. Alivuka Mto Kagera Novemba 1978 akiwa koplo, akapita Mutukula, Masaka na Lukaya, na alikuwa miongoni mwa walioingia Kampala Aprili 1979. Baba yake, ambaye ndiye aliyepigana Burma, alimpokea alipofika likizo." Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na wale wazee wawili pembeni ya turubai wangetikisa kichwa kukubali.

Urefu wa jumla usizidi maneno mia tano. Kwa kipaza sauti cha msibani, chenye mwangwi na upepo, msomaji anakwenda kama maneno mia moja kwa dakika, na baada ya dakika tano watu wanaanza kuangalia jua. Chapa kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14 au zaidi, mistari iachane, upande mmoja tu wa karatasi. Miaka iandikwe kwa maneno kwenye nakala ya msomaji, "sabini na nane" badala ya 1978, maana mjukuu mwenye machozi akifika kwenye tarakimu hukwama. Msomaji wa akiba awe amesimama karibu na nakala yake mkononi. Kwa Waislamu, ambao hawacheleweshi maziko, usijaribu kubana kazi hii ndani ya saa chache: soma mistari mitano makaburini kama inaruhusiwa, kijitabu kije siku ya hitima au arobaini.

Mambo mawili ya sanduku yasiyohusu maandishi. Sare za jeshi zisivaliwe na wajukuu msibani, hata kwa mapenzi. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na wapo watakaolichukulia hivyo hivyo. Na kama kuna risasi, kichwa cha bomu au kitu cha chuma ambacho mzee alikiita "kumbukumbu ya Uganda", kisiguswe, kisitikiswe, kisipelekwe kituoni ndani ya mfuko. Toka chumbani, zuia watoto, ita polisi waje wenyewe. Kitu kilichokaa kimya miaka arobaini hakijawa salama kwa kuzeeka. Kama mnataka jeshi lishiriki mazishi, mtu mmoja aende kambi ya karibu siku ileile ya kifo, na namba ya jeshi, barua ya kustaafu na kitambulisho mkononi. Kinachokwamisha mara nyingi ni familia kwenda asubuhi ya mazishi ikiwa na picha tu.

Kaburi linaweza kungoja. Saruji inahitaji kukauka na udongo unahitaji kushuka, kwa hiyo kujengea kabla ya miezi kadhaa na msimu mmoja wa mvua kupita ni kutafuta nyufa. Maandishi ya rangi hufifia haraka juani, ya msumari kwenye saruji mbichi hujaa kuvu. Ya kuchonga kwenye marumaru hudumu, ila fundi huchonga alichopewa. Mwandikieni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, watu wawili wasaini, na mwangalie hasa tarehe na jina la ukoo. Kama jina la jeshini na la nyumbani yanatofautiana, yote mawili yakae.

Kijitabu kirefu chenye picha kitolewe arobaini au mwaka ukitimia, nakala moja kwa mjane, moja kwa mtoto mkubwa, moja kwa ndugu wa upande wa baba anayeishi mbali na wengine. Kurasa mbili za mwisho ziachwe tupu, zimepigwa mistari, zenye safu tatu: tarehe, aliyesema, alichosahihisha. Wale wazee wawili wapewe kalamu kwanza.